Mkebe wa Mwisho wa Filamu ya Mizeituni

Sinema ya mjini Kisii ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, na mgeni angeweza kupita pale mwaka mzima asijue kwamba ipo. Uliingia kwa kichochoro kilichonuka pamba mpya, ukakuta mlango wa mbao na dirisha dogo. Hapo dirishani alikaa mke wa mwenye duka, akikata tiketi huku akiwafungia watu chevda, zile njugu na viazi vya kukaanga vya Kihindi, katika vipande vya gazeti. Familia yao ilikuwa ya Kihindi, imekaa Kisii tangu siku za babu wa mume, na mama huyo alizungumza Ekegusii vizuri kuliko makarani wengi walioletwa mjini kutoka wilaya nyingine. Jumamosi alionyesha filamu za Kihindi, na jamaa zake walikuja na watoto kutoka madukani kote. Jumapili alasiri ilikuwa yetu sisi wengine. Tulionyeshwa wachunga ng'ombe wenye bastola, baadaye karate ilipoanza kuja, na mara mojamoja, basi la Kisumu lilipokosa kuleta kitu ambacho vijana walikitaka, tulionyeshwa filamu ya Italia.

Nasema ya Italia, ingawa nyingine zilipigwa na Waingereza au Wamarekani waliokwenda tu kule na kamera zao. Kwangu ilikuwa mamoja. Nikiona milima, kengele ya kanisa, na mama amesimama dirishani akimwita mtoto wake kwa sauti ya kusikika bonde la pili, nilijua nimefika nilikotaka. Vijana walipiga miluzi kwa sababu hakuna aliyepigwa risasi, wengine wakatoka kabla ya nusu. Ukumbi ukabaki na watu wachache, nami nikanyoosha miguu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mpiga taipu katika ofisi moja mjini, nimepanga chumba nyuma ya soko. Kwetu ni upande wa Itumbe. Wakati huo wazazi wangu walikuwa wameng'oa sehemu ya shamba la wimbi na kupanda chai, na baba alikuwa bado akiitazama ile chai kwa wasiwasi, kama mtu aliyeoza binti kwa watu asiowafahamu. Kanisa letu liliishika Jumamosi kuwa Sabato. Ijumaa mchana nilipanda basi kwenda nyumbani ili jua lisitue nikiwa njiani, na Jumapili baada ya uji nikarudi mjini. Kanisani tulifundishwa kwamba sinema ni mahali pa watu waliopotea. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alijua ninakokwenda Jumapili, nami nilijua kwamba anajua. Hakuniuliza kamwe.

Mama ndiye aliyeuliza. Jumamosi jioni, jua likishatua na Sabato kwisha, moto uliwashwa upya, sufuria ikapanda, na mama akavuta kigoda karibu yangu na ungo wa maharage. Kisha aliniuliza hao watu wangu wiki hii wamefanya nini.

Basi nilimsimulia. Filamu yenyewe ilikuwa imetoka kwenye Kiitaliano ikatiwa sauti za Kiingereza, tena ovyo, mdomo ukifunga huku sauti ikiendelea. Mimi niliitoa kwenye Kiingereza nikaitia katika Ekegusii cha jikoni. Sijui ni kiasi gani kilichofika. Lakini mama aliwafahamu watu wale kuliko nilivyowafahamu mimi niliyewaona. Ipo iliyohusu ndugu wawili wenye lori moja la kusafirishia nyanya, kila mmoja akitaka kushika usukani, wakashindana njiani hadi nyanya zote zikaiva na kupasuka. Mama alisema kosa lilikuwa la baba yao, aliyekufa bila kusema lori ni la nani. Ipo nyingine ya binti aliyekwenda kuuza nyumba ya bibi yake katika mji ambao njia zake ni maji, watu wakiendeana kwa mitumbwi. Hiyo mama aliikataa kabisa. Alitaka kujua watoto wa huko wanajifunza kutembea wapi. Nilipokosa jibu alisema hiyo nimeiota, na nikamsimulia tena ile ya lori la nyanya.

Kilichompendeza zaidi, nacho ndicho kilichonipendeza mimi, ni kwamba watu wale walikuwa wazungu na walikuwa wakilima. Wazungu tuliowajua walikuwa na magari, na mtu wa kuwafulia. Hawa walishika jembe. Walibeba vikapu kichwani. Walianika nguo zao hadharani, waligombana na wakwe zao, na mtu wao alipokufa waliangua kilio kikubwa bila kujali ni nani anayewasikia. Nilipomweleza mama hayo kwa mara ya kwanza aliacha kuchambua maharage akanitazama ili aone kama namtania.

Baba ndiye aliyenisaidia. Alikuwa amekaa upande wa pili wa moto, na akasema ni kweli. Alisema Waitaliano aliowajua yeye walikuwa na mikono iliyokauka kama yake.

Sote tulijua kwamba baba alikwenda vitani. Kabuti lake la jeshi lilining'inia nyuma ya mlango maisha yangu yote, likitoka siku za mvua kubwa. Alianzia Uhabeshi, na baadaye akawekwa kulinda kambi ya mateka wa Kiitaliano kule Bonde la Ufa, walikokuwa wakitengeneza barabara. Zaidi ya hapo hakusimulia. Lakini filamu zangu zilianza kumtoa maneno, moja moja. Alisema mateka mmoja aliwahi kumfundisha kujenga ukuta wa mawe bila udongo, naye akamfundisha yule mtu kusonga ugali. Aliyajua maneno machache ya lugha yao, pane kwa mkate na domani kwa kesho, na akasema domani ndilo walilolitumia zaidi, kwa sababu kila asubuhi waliuliza kama watapelekwa kwao na kila asubuhi jibu likawa hilo.

Sasa nije kwenye filamu yenyewe.

Ilikuja wakati wa mvua, na tulikuwa wachache sana ukumbini. Ilihusu mwanamke mwenye shamba la mizeituni kwenye mteremko wa mlima. Mumewe anachukuliwa kwenda vitani Afrika wakiwa wameoana juzi tu. Habari zinakoma. Vita vinakwisha, wanaume wengine wanarudi, wake harudi. Wazee wa kijiji wanaanza kumwambia kwamba huyo hayupo tena. Kisha anakuja mwanamume mwingine, mpole, aliyewahi kufungwa kambi moja na mumewe, naye anamsaidia kuvuna. Unaona jinsi anavyomtazama. Unaona pia kwamba mwanamke hachukii kutazamwa. Mama mkwe anaona, kijiji kinaona, na kila mtu anamshauri aolewe apate kutulia. Hatimaye anakubali kwamba mavuno yakiisha atatoa jibu. Siku ya mwisho ya kuvuna yuko juu ya ngazi, turubai limetandazwa chini ya mti, yule mpole anatikisa matawi upande wa pili. Na kule chini kabisa, kwenye barabara inayopinda mlimani, anaonekana mtu anapanda. Ni mdogo kama mdudu. Hujui ni kijana au mzee. Mwanamke anageuza kichwa.

Hapo kitambaa cha kuonyeshea picha kikawa cheupe, taa zikawaka.

Tulidhani mwendesha mashine anabadilisha mkebe, maana filamu moja ilikuja imegawanywa katika mikebe kadhaa. Tulingoja. Baada ya muda yule mama wa Kihindi alikuja mbele akiwa na karatasi ya mzigo mkononi, akasema kwa Kiswahili kisha kwa Ekegusii kwamba mkebe wa mwisho haukuja. Ulikuwa umeachwa Kisumu, au umepelekwa Kericho, hakuwa na hakika. Alituomba radhi na kusema tuje siku nyingine tuingie bure. Mzee mmoja wa nyuma alimuuliza kama yeye mwenyewe anajua mtu yule alikuwa nani. Alisema hajui, na kwamba jambo hilo linamsumbua kuliko linavyotusumbua sisi.

Mkebe haukufika wiki ile. Filamu ikapakiwa kwenye basi ikaenda zake, na mji wetu ukabaki na yule mtu barabarani.

Ofisini tulibishana. Mkuu wetu wa makarani, ambaye hata hakuiona, alisema bila shaka ni mume, maana filamu haiwezi kumpandisha mtu mlima bure. Mwenzangu wa taipu alisema ni mtu wa serikali anayeleta habari za kifo. Mimi nilitaka awe mume, lakini nilimhurumia yule mpole, na nilipofikiria hivyo nikataka awe mpita njia.

Jumamosi nilimsimulia mama. Nilisimulia polepole kwa sababu niliipenda, na kwa sababu nilijua mwisho wake ulivyo. Mizeituni alikuwa akiijua kwenye Biblia tu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba bado ipo mahali, watu wanaichuma na kula mafuta yake, na hilo lilitupotezea muda. Lakini nilipofika kwa mume kutojulikana aliko, mama aliacha kuuliza maswali. Nilipofika kwa wazee kumwambia mwanamke atafutiwe mtu, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nikasimulia ngazi, turubai, barabara, mtu mdogo kama mdudu. Nikaishia hapo.

"Nani huyo?" mama akauliza.

Nikamwambia hatujui, mkebe haukuja.

"Mlitokaje humo ndani bila kujua?"

Alinitazama kama mtu aliyetumwa dukani akarudi bila chumvi. Kisha akasema kwamba yeye anajua. Huyo ni mume. Na akaeleza yatakayofuata kana kwamba ameyaona. Mwanamke atateremka ngazi, akimbilie jikoni, awashe moto, apike. Hatasema neno. Hatauliza ulikuwa wapi wala uliwaona akina nani. Atamwekea chakula na kumtazama akila, kwa sababu mtu aliyehesabiwa na wafu ni lazima ale nyumbani mwake kwanza ndipo awe hai. Akishamaliza, ndipo atalia.

Aliyasema hayo kwa uthabiti hata nikahisi sina haja ya mkebe. Baba alitabasamu kidogo akiangalia moto, kisha akainuka akasema anakwenda kumtazama ng'ombe.

Miezi iliyofuata filamu ile iliishi kwetu. Mama aliwasimulia majirani waliochuma chai naye, nao wakagawanyika. Wapo waliosema kwamba yule mpole ndiye mume hasa, kwa kuwa ndiye aliyechuma. Mama alikasirishwa na jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Mimi nikija Ijumaa nilikutana na wanawake njiani, mapakacha mgongoni, wakiniuliza kama kumekuja habari za mtu wa barabarani. Wengine waliamini kabisa kwamba ni jambo lililotokea, na kwamba ofisi yetu ndiyo inayopokea taarifa.

Siku moja mchana, ukiwa wakati wa jua kali na barabara za vumbi, yule mama wa Kihindi alikuja hadi mlangoni mwa ofisi. Hakuwahi kuja kabla. Alikuwa amejitanda sari ya kila siku na ameshika mwavuli.

"Dada," aliniambia, "ile filamu ya mizeituni imerudi. Mkebe yote iko. Mimi nimehesabu mwenyewe."

Nilimuuliza kama ameshaitazama. Alisema anaingoja Jumapili kama watu wengine, kwa sababu akiijua mapema uso wake utamsaliti pale dirishani.

Ijumaa nilifika nyumbani na habari hiyo. Nilitaka kusema kwamba nitaitazama kisha nije kuwasimulia, lakini mama hakunipa nafasi. Alisema atakuja mwenyewe. Nilimgeukia baba, maana yeye ndiye mzee wa kanisa. Alikuwa akinoa kisu cha kupogolea. Alikijaribu kwa kidole, akasema kwamba mama hawezi kusafiri peke yake hadi mjini.

Jumapili ile baba alivaa koti lake la ndoa za watu na mama akafunga kitambaa cheupe cha kanisani. Tulipofika kichochoroni mama alishusha uso kidogo, nadhani kwa kuwa duka lile alilijua siku zote na hakuwahi kupita pembeni yake. Dirishani mama wa Kihindi alimwamkia kwa Ekegusii, akamuuliza habari za chai yake na za ng'ombe, na mama akajibu yote moja baada ya jingine mpaka waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa.

Nilikaa katikati yao. Taa zilipozimwa mama alinishika mkono akaushikilia hivyo hivyo. Mlima ulipotokea kwenye kitambaa, na mashamba yake yakipanda kwa ngazi na vibanda vya mawe, alisema si kwa sauti ndogo kwamba huku ni Nyamache, milimani jirani na kwetu. Watu wawili watatu walicheka, na mmoja akakubaliana naye. Alimwona mwanamke wa kizungu akitembea na kikapu kichwani, akasema hajui kukibeba, shingo ameikaza mno. Kulikuwa na sehemu ya kambi ya mateka huko Afrika, ambayo ilikuwa na minazi, simba, na askari weusi waliovaa ngozi. Baba alisogea mbele kwenye kiti.

"Tulikuwa na viatu," alisema.

Lakini mateka wale walipokaa na kuimba, wimbo ulikuwa haukutiwa Kiingereza, umeachwa kwa lugha yake. Niligeuka kumtazama kwa mwanga wa filamu na nikaona midomo yake inachezacheza, ikitafuta mahali pa kuuingilia wimbo.

Tukafika kwenye ngazi, kwenye turubai, kwenye barabara inayopinda. Mtu mdogo akaonekana. Mwanamke akageuza kichwa. Safari hii picha ikaendelea.

Alikuwa mume. Yule mpole ndiye aliyemtambua kwanza, kwa mwendo wake. Aliacha tawi, akachukua koti lake mtini, akateremka upande wa pili wa mlima bila kuaga. Mume alipanda hadi shambani akasimama kando ya turubai. Amekonda, ndevu zimemjaa, kofia mkononi. Na mwanamke hakuteremka. Aligeukia mti akaendelea kuchuma. Alichuma bila kumtazama, zeituni zikianguka kwenye turubai, moja moja na kwa mafungu. Mume alisimama pale kwa kitambo. Kisha akaweka kofia chini, akashika tawi lililoachwa na mwenzake akaanza kuchuma naye. Walifanya hivyo mpaka mti ukaisha. Hapo ndipo mwanamke aliposhuka, akamshika mkono wa shati, akaushika tu, na filamu ikaisha.

Mama aliuachia mkono wangu. Tulitoka pamoja na wengine. Mama wa Kihindi alikuwa ameegemea mlango akijifuta macho kwa ncha ya sari, na alipomwona mama alitikisa kichwa upande hadi upande, wakaelewana kitu fulani ambacho hawakukisema.

Basi la kurudi Itumbe lilikuwa bado. Tuliingia kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, tukaagiza chai na mandazi. Mama hakugusa mandazi yake. Alikuwa amechukia, na hatimaye akasema.

"Hakumpa chakula. Hata maji hakumpa."

Baba alikuwa akipuliza chai kwenye kisahani.

"Na wewe hukunipa," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama aliangalia mlangoni. Baba aliendelea kupuliza chai yake, na kwa sauti ileile ya kila siku akanisimulia mimi, si mama, jinsi alivyorudi kutoka vitani. Alitembea kutoka Kisii na kabuti lake mkononi kwa sababu ya jua. Kila boma alilopita watu walitoka nje wakamtazama bila kumsalimu, na hakujua ni kwa nini. Hakujua kwamba walikuwa wamepelekewa habari za kufa kwake, na kwamba ndugu zake walikuwa wameshaanza kusemezana ni nani kati yao atakayemchukua mama. Alimkuta shambani, kwenye wimbi, ameinama anapalilia. Akasimama ukingoni. Mama alimwona, kwa sababu jembe lilisita. Kisha likaendelea.

"Nilifikiri amenikataa," baba alisema. "Nikaweka kabuti chini nikaingia kupalilia mstari wa pili. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa shamba. Ndipo akaniuliza kama nimetoka mbali."

Mhudumu alikuja kuuliza kama tunaongeza chai. Nikamtikisia kichwa akaenda.

Mama alikuwa bado akitazama mlango. Alipoanza kusema, alimwita baba kwa neno la heshima ambalo wake wa kwetu huwaita waume zao.

"Mogaka, nilikuwa nimekuona ukija mara nyingi," alisema. "Nikiwa kisimani, nikiwa shambani. Naona mtu anakuja, nainua uso, hakuna mtu. Siku ile nikasema sitainua uso. Nikiinua ataondoka kama wale wengine. Nikaona miguu yako inaingia kwenye wimbi, nikasema acha niendelee tu, huenda ikabaki."

Baba aliweka kisahani chini. Mama naye akachukua andazi lake akalikata vipande viwili, na nusu akamwekea baba.

Mimi nilikuwa na umri ule, nimekaa katikati ya watu waliokuwa wamelala nyumba moja kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya siku ile, na niliona wazi usoni mwa baba kwamba alikuwa hajapata kuambiwa. Alikuwa ameishi muda wote huo akidhani ni jeuri, akampenda hivyo hivyo pamoja na jeuri yake. Nilijisikia kwamba ningepaswa kuwa nimekaa meza nyingine.

Basi lilikuja. Nilibaki stendi nikawapungia mkono, na sikumbuki chochote cha njia ya kurudi chumbani.

Habari za mzee wa kanisa kuonekana kichochoroni zilifika Itumbe kabla ya Jumamosi. Mama alinisimulia baadaye kwamba baada ya ibada baba aliitwa kando na wenzake, wakamuuliza kwa upole kama ni kweli, na alikwenda kutafuta nini mahali pale. Baba aliwaambia alikwenda kuwatazama watu aliokuwa akiwafahamu zamani. Wakamuuliza kama aliwaona. Akasema aliwaona, wako wazima, na wamevuna. Hawakujua waendelee vipi kutoka hapo. Walimwombea kidogo wakamwacha.

Mama hakubadili mawazo yake kuhusu chakula. Majirani walipomuuliza habari za mtu wa barabarani, aliwasimulia mwisho alioupanga yeye, wa moto na sufuria, kisha akaongeza kwamba huko mjini wameuonyesha vingine lakini aliyeupiga hakuwa na mke. Nami sikumsahihisha. Mwaka uliofuata nilitumwa Nairobi kwa kazi na nikaona dukani kichupa cha zeituni, nikamnunulia. Alionja moja, uso ukakunjamana, akasema sasa ameelewa kwa nini ule Mlima wa Mizeituni kwenye Biblia ulikuwa mahali pa kuhuzunikia. Hata hivyo hakuruhusu mtu atupe zilizobaki.

Filamu za Italia ziliendelea kuja mara chache, halafu zikakoma. Nilizitazama zote. Ninayoikumbuka zaidi baada ya ile ni moja ya kinyozi wa kijiji aliyewanyoa maadui wawili kila Jumamosi na kuwapelekea ujumbe wa matusi bila wao kukutana, akiulainisha kila mara, mpaka wakawa marafiki kwa kinywa chake. Mama wa Kihindi aliipenda hiyo akaiomba irudishwe mara ya pili. Aliniambia kinyozi yule ni mama mkwe wake mtupu, ila kwamba mama mkwe yeye hakulainisha. Familia yao ilikuja kuhamia Kisumu miaka ya sabini ikielekea ukingoni, na ukumbi ukawa bohari ya mbolea.

Kabla ya hapo kulikuwa na Jumapili moja ambayo sikwenda sinema. Nilikuwa nimekwenda hospitalini kumtazama mwenzangu wa ofisi aliyejifungua, na nilikuwa nikirudi kwa miguu alasiri wakati watu walipokuwa wakitoka kichochoroni. Sikujua kulikuwa na filamu gani. Nadhani ilikuwa ya wachunga ng'ombe, maana vijana walikuwa wengi, wakirushiana ngumi za mzaha. Nyuma yao walitoka baba na mama. Hawakuniambia kwamba wangekuja mjini. Baba alikuwa amebeba kikapu cha mama, jambo ambalo mwanamume wa rika lake hakulifanya barabarani, na walikuwa wakibishana. Mama alikuwa akimwonyesha kitu kwa mikono yote miwili, labda jinsi farasi alivyopaswa kufungwa, na baba alikuwa akikataa kwa kichwa na kucheka.

Nilikuwa karibu kiasi cha kuwaita. Nilisimama kivulini mwa duka la viatu mpaka wakakata kona ya kwenda stendi, kisha nikanunua mkate nikaenda zangu.